Mafuta Niliyomzidishia Mtoto

S.L.P. 318,
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa dada,

Nakusalimu kwa jina la Mola aliyetuamsha salama. U hali gani? Shemeji je, na watoto? Mgongo umepoa? Mimi mwili mzima, roho tu ndiyo haitulii.

Ni huyu Kidege wangu. Ana miaka saba lakini ukimbeba ni mwepesi kama kitambaa. Anaharisha, choo kinaelea. Mimi nikaona nimnenepeshe: siagi kwenye uji, mafuta juu ya kila sahani. Baba yake akanitania, "Mke wangu, unalisha mtoto au unalainisha cherehani?" Tulicheka. Kumbe namwumiza.

Jioni moja mwezi uliopita akaniuliza, "Mama, mbona hamjawasha taa?" Taa ilikuwa inawaka, dada. Niliacha kushona, na kesho yake nikampeleka hospitali, wakampima.

Daktari alinieleza taratibu. Vitamini A, ile ya macho, pamoja na D, E na K, husafiri na mafuta. Kwenye utumbo kuna protini zinazoyafungasha mafuta hayo yaingie mwilini. Za Kidege zina hitilafu ya kuzaliwa. Mafuta yanakwama, vitamini zinapita tu, hata zile za vidonge nilivyomnunulia dukani. Sasa mafuta tumepunguza, naye anapewa vitamini nyingi kwa kipimo cha daktari. Macho yatarudi? Hakuniahidi.

Kisha akauliza, "Kwenu kuna mtoto mwingine aliyekuwa hivi?" Nisamehe, nilimtaja kifungua mimba wako, Mungu amrehemu, alivyokuwa akipapasa ukuta giza likiingia. Najua tulikubaliana tusilizungumze. Nilipomwambia kwamba sisi ndugu wawili tumeolewa na ndugu wawili, aliweka kalamu chini. Akasema ugonjwa huu mtoto huupata kwa baba na mama wote wawili. "Mama, mwandikie dada yako leo."

Dada, uliniandikia kwamba kitindamimba wako anajikwaa ovyo, na kwamba unamkorogea maziwa ya mafuta apate nguvu. Tangu nikumbuke hayo sili nikashiba. Acha kwanza hayo maziwa. Mpeleke hospitali na karatasi hii ya daktari niliyoifunga humu. Huenda si hivyo, naomba isiwe hivyo, lakini akipimwa mapema wanaweza kumwokoa.

Msalimie shemeji, na mama mkwe wetu umwambie namwombea. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake.

Hata ukinikasirikia, nikasirikie ukiwa kwenye foleni ya daktari.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa moyo wote.