Uso wa Saa ya Babako

Kebirigo, Nyamira
Jumatatu, 12 Mei 2025

Mpendwa mwanangu Nyamongo,

Nakusalimu wewe, mkeo Lorna na mjukuu wangu Machogu. Je, amepona kikohozi? Mfunikeni kifua. Huku Sheila mdogo wako hajambo, anachuma majani chai. Nyanya yako hajambo ila magoti, anauliza kama huko mnakula mkashiba. Mimi ni mzima, moyo tu ndio haujatulia.

Ni ile saa ya marehemu babako, ile ya vifungo viwili pembeni aliyopimia mbio za wanafunzi. Ulipompa mtoto jina lake, tulipatana kwamba babako mdogo Momanyi ndiye atamvalisha mkija Desemba.

Sasa wiki jana Sheila alileta wanaume wawili wanaokusanya saa za zamani, Shariff wa Kisii mjini na Mose wa Mosocho. Nilitaka tu waniambie kama bado ni nzima. Wakaweka zao mezani kando ya yetu. Zote aina moja, lakini ya Mose uso mweusi, ya Shariff kama majivu, na yetu kahawia. Mwanangu, mimi nakumbuka ya babako ilikuwa nyeusi.

Shariff akasema, "Mama, hii imegeuka kwa miaka. Kahawia hii ndiyo tunaitafuta."

Mose akacheka. "Imegeuka wapi? Yangu ni ya mwaka huohuo na bado nyeusi. Huu uso umebadilishwa."

"Yako umeificha sandukuni kama bibi harusi, itageuka lini?"

Walibishana hadi chai ikapoa, wakaniacha katikati.

Hapo nikakumbuka Momanyi aliipeleka kwa fundi wa huko Nyamarambe kutiwa mkanda baada ya mazishi, ikakaa huko wiki mbili. Mdomo wangu haukungoja. Nilimwambia mbele ya mkewe kwamba alibadilisha uso wa saa ya ndugu yake. Tangu siku hiyo hapiti hapa, na amesema mtoto atafute mtu mwingine wa kumvalisha.

Juzi nikipika nikatazama juu ya moto, pale tunapokaushia mahindi. Saa imekaa hapo miaka kumi na moja, ndani ya mkebe wa majani chai. Niliiweka mwenyewe, wezi wasiione. Hata mkebe wenyewe ulikuwa mwekundu, sasa ni kahawia. Nimempigia Shariff, anasema moshi unaweza. Mose anasema hauwezi. Mimi nimwamini nani?

Una ile picha ya babako ameinua saa siku ya michezo, uso wa saa unaonekana vizuri. Ikuze kwenye simu. Karibu na namba saba, uso wa hii yetu una mkwaruzo mfupi kama punje ya wimbi. Kama upo pichani, uso ni uleule, na nitaenda kwa Momanyi na kuku kabla ya Sabato nimwombe msamaha. Kama haupo, sijui mwanangu.

Nisalimie Lorna, na umbusu Machogu kwa niaba ya nyanya yake. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Usingoje kuandika barua. Mpigie Sheila ukishaiona picha, hata kama huku ni usiku. Natembea na simu yake mfukoni mwa aproni.

Ni mimi mamako ninayekupenda,
Drusilla