Mshahara wa Kuku Nisiowachinja

Kwa mdogo wangu Verlin,

Bahasha ina jina langu kwa sababu ndilo unalolitumia huko kiwandani. Siku hizi kompyuta za waajiri zinapeleka zenyewe habari za mishahara serikalini. Basi karani wa malipo ya ulemavu akaniuliza, "Bwana Hobart, unaosha vyombo hapa Toledo, halafu unachinja kuku Arkansas? Una mabawa?" Nilicheka, ila malipo yangu yatakatwa, kwa kuwa naonekana nina mishahara miwili.

Namba yangu ya serikali, ile mtu anayoandikishwa nayo kazini, tuliikariri pamoja utotoni. Hakuna mwingine anayeijua. Unamkimbia nani, ndugu yangu? Nitasubiri barua hii ikufikie, kisha nitawaambia watu wa malipo kwamba huyo wa Arkansas si mimi.

Nimeshampigia Mama, aliyedhani umekufa. Aliuliza tu, "Anakula vizuri?"

Kaka yako mchovu,
Hobart