Gari ya Kumpita Ndege wa Kaptagat

Jumapili, 6 Agosti 1967

Tumerudishwa na ndege. Mara ya pili! Mimi niliyefika Rangoon, nikapanda meli, nikala samaki ya mkebe na Wahindi wa jeshi — narudishwa njiani na kitu kidogo kama ngumi ya mtoto.

Ni hivi. Wilson, kijana wa marehemu ndugu yangu, niliyemlea mwenyewe, anataka kuoa Jelagat wa Kaptagat. Lazima sisi wazee twende kuongea. Mkubwa wetu ni Mzee Kipyego, baba yetu mdogo, na yeye ndiye anasoma njia. Kanisani anaimba sauti ya chini mpaka vioo vinatetemeka. Lakini siku ya posa anasikiliza ndege. Akilia upande wa kulia, twende. Akilia kushoto, geuza. Hakuna rufani.

Jana lori ya mbao ilitushusha, tukaingia msitu kwa miguu. Kimya kizuri. Halafu — kushoto! Mzee akasimama, akageuza fimbo, akarudi. Nilimwambia kule Burma ndege walilia pande zote na tulishinda vita. Akasema kule Burma mimi nilipika mchele.

Hiyo ndiyo hadithi yake kila siku. Watu wote wananiita Sajenti, yeye ananiita Baba Chelimo.

Wilson alikuwa anatungoja nyumbani, kama desturi. Alituona tukiingia na matope, akajua. Mke wangu, Mama Chelimo, akamwekea nyama. Ikapoa. Nikasema huyo ndege nitamkaanga. Hakucheka.

Jumanne, 8 Agosti

Neno limekuja kutoka Kaptagat. Mzee Kimutai, baba ya msichana, atatungoja Jumamosi ya tarehe 19. Tusipofika, basi. Kuna watu wa Moiben wameuliza pia, na hao wana trekta. Kimutai si mtu mbaya. Wamenunua shamba la mzungu yeye na wenzake, kazi ni nyingi, anataka mkwe wa kusaidia. Alisema tu: watu ambao hawafiki kuposa, watafika lini kulima?

 

Nilifikiria nikinyoa. Ndege hatuwezi kumzuia. Mzee hatuwezi kumziba masikio. (Nilisema tumnunulie ile kofia ya sufu inayofunika mpaka shingo. Mama Chelimo akasema nenda umvalishe wewe.) Lakini mtu akiwa ndani ya gari, vioo juu, injini inanguruma — atasikia ndege gani?

Gari! Nilijikata kidevu kwa furaha.

Na ni wakati wake. Makaburu wanahama, wanauza kila kitu mpaka vibanda vya kuku. Mtu akikaa vibaya hapa Eldoret jioni anajikuta amenunua plau ya kulimia.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimeona gari mbili.

Ya kwanza ni ya Ephantus, yule wa duka la vitambaa karibu na benki. Nyeupe, ndogo. Alinizungusha mjini, tukapanda mpaka mtaa wa West Indies, tukarudi. Inawaka mara moja. Aliizima katikati ya kilima makusudi, ikawaka tena kama haikuona kilima. Anasema imesukumwa siku moja tu, na siku hiyo ni yeye alisahau petroli. Mtu anayesema makosa yake namna hiyo hadanganyi.

Shida ni moja. Dirisha la nyuma halina kioo. Kiliangukia ndani ya mlango kikavunjika, na kingine mpaka kiagizwe Nairobi, labda mwezi mzima. Ameweka kadibodi. Nikagonga kadibodi, nikasikiliza. Nilisikia wanawake wa sokoni wakigombana kama niko nao.

Ephantus akaniuliza: Sajenti, unanunua gari ama unanunua dirisha?

Nikakohoa.

Ya pili ni ya kaburu mmoja upande wa Sergoit, sisi tunamwita Makofia. Ameuza shamba, mwisho wa mwezi anaenda zake Kusini. Stesheni wagon ya kijivu, kubwa, unaweza kufanyia ndani harusi. Jina lake mbele limeng'oka, imebaki herufi mbili. Lakini milango! Ukifunga unasikia masikio yanaziba. Nikaingia, nikapandisha vioo vyote, nikamwambia Makofia apige kelele nje. Aliniangalia sana. Akapiga. Niliona mdomo tu! Nikamwomba apige mluzi pia, mluzi mwembamba, kama wa ndege. Bibi yake akatoka jikoni kutazama.

Sasa mabaya. Imeegeshwa juu ya mteremko. Nikauliza kwa nini. Eti hapo unaona milima vizuri. Ilipowaka ilitoa moshi wa buluu, ng'ombe wakahama. Na chini ya injini kuna mchanga mpya umemwagwa, umesawazishwa vizuri kama kaburi la paka.

Mimi si mtoto. Niliona yote.

Ijumaa, 11 Agosti

Nimempeleka Oketch akaangalie ile kubwa. Oketch ni fundi wa magari, mtu wa kutoka Kisumu, na anajisifu kunishinda mimi. Hiyo si kidogo. Njia yote aliniambia injini alizofufua, kama Biblia.

Akafungua radieta, pale pa maji ya injini. Akanusa. Akafunga. Akafungua tena akaniita ninuse.

— Sajenti, hii imelishwa mayai.

Kumbe! Radieta ikivuja, mtu anavunja yai ndani maji yakiwa moto. Yai linaiva, linaziba tundu. Mnunuzi anaona maji hayashuki, anafurahi. Nikauliza itaenda mpaka wapi hivyo. Oketch akasema inaweza kufika Mombasa, inaweza kufika pale kwa geti. Yai halina ratiba.

Akasema nunua ya Ephantus, mimi na Oketch tuendelee kuwa marafiki. Nikaona nimwambie ukweli wa mambo, ndege na yote. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Nilingoja. Halafu akafuta macho, akasema hata kwao kuna bundi, na mjomba wake akimsikia hatoki nyumbani siku mbili.

Akasema basi nunua ile ndogo, halafu muimbe njia yote.

Nikamwambia, Oketch, watu wakienda kuposa wakiimba, wataimba nini wakikubaliwa?

Jumapili, 13 Agosti

Ibada ilikuwa ndefu. Nilipima gari zote mbili wakati wa mahubiri.

Ya Ephantus itafika, lakini Mzee atatushusha njiani. Ya Makofia, Mzee hatatushusha, lakini inaweza kutushusha yenyewe.

Nilimwambia Mama Chelimo hivyo hivyo. Akasema gari ni ya kufika, hayo mengine ni yako. Nikamwambia huyo ndege hajawahi kuvuja hata siku moja, kila mara yuko kazini. Kati ya yai na ndege, mimi naona yai lina huruma. Akasema huruma ya yai ataiamini akiiona.

Wilson alikuwa nje anapasua kuni. Kuni tunazo za mwaka mzima sasa.

Jumatatu, 14 Agosti

Nimenunua ya Makofia.

Aliniuliza kama nina hakika. Muuzaji ananiuliza mimi! Nikamwambia vioo ni vizuri sana.

Jumatano, 16 Agosti

Inatembea! Nawajulisha wote waliocheka.

Jana nimebeba Maximilla muuza mboga na kabichi zake zote mpaka sokoni, na mama mmoja wa mguu mbaya, na watu wa kwaya. Mtu akiinua mkono nasimama, nitampitaje na mimi nina viti vitupu? Sharti ni niegeshe penye mteremko. Mji huu nilifikiri ni tambarare. Sasa najua kila mteremko wake, hata ule mdogo wa posta. Ephantus aliniona nikishuka bila injini, akasimama akavua kofia, kama mtu ameona maiti inapita.

Maji hayajashuka. Hata hivyo leo nimeongeza yai moja. Kwa usalama.

Mama Chelimo anauliza yai la kuku mwekundu liko wapi. Nimesema nimekula.

Ijumaa, 18 Agosti

Mvua. Wilson ameosha gari kwenye mvua. Kwa desturi kijana hukaa nyumbani, lakini gari hii inataka msukumaji, kwa hivyo atakuja mpaka mwisho wa msitu, atashuka, ajifiche kwenye miti.

Mzee Kipyego amekuja kulala hapa. Alizunguka gari mara moja, akagonga kioo kwa fimbo. Nilimwambia kesho tutafunga vioo vyote kwa sababu ya baridi, kifua chake. Akasema kifua chake ni kizima. Halafu akasema sawa. Akaniangalia muda kidogo.

Wilson amekula leo. Sahani mbili.

Jumamosi, 19 Agosti

Naandika kwa penseli, nimesimama, karatasi iko juu ya injini. 

Tuliwaka kwa mteremko wetu bila shida. Mzee mbele karibu na mimi. Nyuma Mama Chelimo amekumbatia kibuyu cha maziwa ya kupeleka, na Wilson na magoti yake. Vioo juu. Injini inanguruma kama nilivyosema! Tukaacha mji, tukaingia msitu. Nikaona miti inapita, nikajua ndani yake huyo fisadi mwenye manyoya yuko anapiga kelele yake, na sisi hatusikii kitu. Nilitaka kucheka kwa sauti. Mzee alikuwa anatazama mbele, mikono juu ya fimbo, kama askofu.

Halafu tukasikia harufu. Mama Chelimo akauliza polepole: nani amechemsha mayai?

Mvuke ukatoka mbele mpaka barabara ikapotea. Nikakanyaga, nikabembeleza, nikaiita kwa zile herufi mbili. Ikapiga kikohozi. Ikasimama. Barabara hapa ni sawa kabisa — hakuna mteremko hata wa kuteremshia chungwa.

Maji tuliyobeba Wilson ameyamwaga yote ndani, yametokea chini. Nikatazama kibuyu. Mama Chelimo akasema, hii usiiangalie hata.

Tukarudi kukaa ndani, ati injini ipoe. Kimya. Sijasikia kimya kama hicho tangu vita. Vioo vikashika jasho kwa pumzi zetu, nje hatuoni. Nikafikiri, heri hivyo, tukae hivi mpaka itokee lori ituvute, hakuna mtu afungue kitu.

Mzee akanyoosha mkono, akashusha kioo chake. Chote.

Ndege akalia.

Hakungoja hata dakika. Kushoto, karibu, wazi kama mtu anaita jina lako. Nyuma Wilson akashika kiti changu. Nilihisi macho yake kwenye shingo yangu. Kaptagat ya kina Jelagat iko hapo mbele tu, moshi wa jiko lao ungeonekana kama si ukungu.

Nikangoja fimbo igeuke. Haikugeuka. Mzee hakutazama kushoto. Alitazama boneti. Akasema, Baba Chelimo. Wewe unajua injini. Hiyo kelele, ni chuma kinapoa, ama ni kitu kingine?

Ndege akalia tena. Mama Chelimo akakohoa kuifunika sauti, lakini amechelewa.

Mimi ninajua kusema. Nimesema uongo mzuri mbele ya maofisa wa Kiingereza. Lakini huyu ni Mzee Kipyego, na njia hii ameisomea ukoo wetu wote, mpaka siku yangu ya kumwoa Mama Chelimo. Nikisema ni chuma, si ndege, tutaendelea, na neno langu ndilo litampeleka Wilson kwa hao watu. Mambo yakiharibika huko mbele, hakuna atakayemlaumu ndege.

Nikasema, Mzee, wacha nifungue boneti niangalie.

Ndiyo niko hapa. Boneti iko juu, hawanioni wala siwaoni. Nimeweka sikio karibu kabisa. Injini haisemi kitu. Inatoa mvuke tu, na harufu ya mayai.

Analia tena. Huyu hachoki!

Mzee ananiita kutoka ndani. Nimesema ngoja kidogo. Anauliza tena, ni nini hiyo, umeona?

Mara ya kwanza maishani, ameniita Sajenti.