Bamba la Shamba la Polega

Kwa mdogo wangu mpendwa Revaka,

Nakusalimu wewe na watoto, na mama mkwe wako ambaye nasikia bado anawagombeza ng'ombe mmoja mmoja kwa jina. Kifua chako kimepona? Sisi hapa Vatapi tu wazima, ila mke wangu anasumbuliwa na goti, na lawama za goti hilo nazipata mimi.

Barua yako imenifikia. Umesema umelificha bamba lako la shaba, hati ya shamba lako, ghalani, chini ya uwele, na kwamba mabwana wapya hawalipati hata wakuburute, kwa sababu mfalme aliyeanguka ndiye peke yake aliyemkumbuka mumeo Polega. Nimeisoma mara tatu, na mara zote nimelia.

Ni kweli, ukoo wa Chalukya umekwisha. Sisi wachonga mabamba tungeweza kuyaona hayo mapema. Babu alipokuwa kazini, sifa za wafalme hawa zilienea upande mmoja tu wa bamba, na zawadi ya ardhi iliyoandikwa humo ilikuwa vijiji vizima. Wakati wa baba, walipotamba kutoka mto Narmada kwenda kusini, sifa zilijaza mabamba mawili. Mimi mwaka jana nilichonga mabamba manne ya sifa, na zawadi yenyewe ikawa kipande cha bustani. Haikupita miezi mingi, Warashtrakuta waliokuwa wakiwapigia magoti wakaingia mjini na kukaa wao.

Hawakutufukuza kazi. Msimamizi wetu mpya, Dhoraka, ni mtu mpole mwenye kitambi, akatukaririsha sifa za bwana wake. Bamba langu la kwanza nililianza vizuri, kisha nikajisahau. Nilipokuja kutazama, nilikuwa nimechonga ukoo mzima wa Wachalukya, mpaka babu wa sita. Miaka thelathini, Revaka, mkono unakwenda wenyewe. Nilijua leo kichwa changu kinaondoka. Dhoraka alisoma, akaniuliza taratibu, "Mzee wangu, huo mkono wako haujapata habari?" Tangu hapo wenzangu kila asubuhi wananiuliza mkono umeamkaje.

Sasa nisikilize vizuri. Imetoka amri kwamba kila mwenye bamba la zamani alilete kabla ya mvua. Akilileta, anachongewa jipya lenye muhuri wa tai, alama ya mabwana wapya, na shamba linabaki lake. Asipolileta, shamba linachukuliwa. Ungekuwa unaogopa tu, ningekutia moyo na yangeishia hapo. Lakini wewe uko tayari kuwanyima wanao chakula kwa ajili ya mfalme, na habari ya mfalme huyo nilikudanganya mimi.

Unajua Polega alikufa kwa homa njiani kwenda vitani Kanchi. Wajane wa waliokufa vitani walipewa mashamba. Wa waliokufa kwa homa hawakupewa kitu. Nilikwenda kukuombea mara mbili, na mara ya pili karani aliniambia kwamba mfalme hawezi kumlipa kila mtu aliyeharisha. Nilitoka pale na hasira. Wiki ile msimamizi wetu wa zamani alikwenda kumwoza binti yake, akaniachia sanduku la muhuri wa nguruwe, alama ya Wachalukya. Bamba lako nililichonga mwenyewe, kuanzia sifa hadi mipaka ya lile pori kando ya bwawa ambalo halikuwa na mwenyewe. Muhuri niliupiga mwenyewe. Wazee wa kijiji walipoliweka kichwani kwa heshima, mmoja baada ya mwingine, mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako, jasho linanitoka.

Usiogope. Mabamba yote ya zamani yanasomwa na mimi kabla ya kufika kwa Dhoraka, na barua hii ukishasomewa na Kancabbe anayekuandikia barua, ambaye hana mdomo wa kutoa siri, itie motoni. Lilete bamba. Nitakuchongea jipya, na safari hii litakuwa la kweli, kwa muhuri wa kweli.

Nisamehe kwa miaka yote uliyomwombea heri mtu asiyekujua. Mfalme hakulisikia jina la Polega hata siku moja. Aliyemkumbuka ni mimi, kwa sababu nilikuona ulivyokaa mlangoni ukimsubiri.

Wasalimie watoto, na mama mkwe wako, na hao ng'ombe wake.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Kundayya