Gitaa la Mpishi wa Shamba la Ngano

Mjukuu wangu Paulina,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Nambis sote tu wazima, na ng'ombe wa mjomba wako amezaa.

Unauliza kama umechelewa kujifunza gitaa. Mimi nilianza mama yako akiwa tayari shuleni. Nilikuwa mpishi kwenye shamba la ngano la serikali kule Hanang, na fundi wa matrekta akanifundisha muziki wa roki kwa gitaa lake la umeme.

Siku niliyopanda jukwaani mara ya kwanza, mjini Katesh, mtu alipaza sauti, "Mama, rudi jikoni!" Nikapiga hivyohivyo. Nilipomaliza, yuleyule akaita, "Mama, rudia!"

Fundi alishafariki, na vidole vyangu vimekakamaa. Naikumbuka sana sauti ya gitaa lile. Njoo Krismasi na gitaa lako. Hata ukikosea, nataka nyuzi zilie tena humu ndani.

Bibi yako,
Elizabeti