Doa Kwenye Kitambaa cha Shangazi

Dada Zuhura,

Shikamoo, ingawa umenizidi mwaka mmoja tu.

Jana hapa Pangani, Shangazi Mwanaidi alinitolea sandukuni kitambaa cha pamba alichorithi kwa bibi yake. Kilitoka Bara Hindi, na maua yake mekundu yaligongwa kwa mhuri wa mbao, ua moja moja. Nikainama kuyatazama, kikombe mkononi, chai ikakimwagikia kitambaa! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Shangazi akacheka.

"Usilie, mwanangu. Hili doa la zamani, kubwa kuliko lako, ni la dada yako alipokuwa mdogo. Alimsingizia paka, nami nikamfukuza paka wa watu bure."

Miaka yote hii umenyamaza! Nakupenda hivyo hivyo. Nibusie watoto, na ukikutana na paka yeyote hapo Nguvumali, muombe radhi.

Mdogo wako,
Rehema