Siku Niliyomwambia Mungu Nimerudi

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Babu hajambo, anapalilia maharage.

Unauliza utaanzaje kusali tena baada ya kumnyamazia Mungu kwa hasira. Mimi nilinyamaza miaka miwili, hapa hapa Nyakitonto, miaka ya tisini, mama yako akiwa bado mgongoni. Siku ya kuombea mbegu, mzee wa kanisa akanisimamisha niombee vikapu vyote vya mbegu. Nikaanza kwa Kiswahili cha kanisani, kama ninayemwandikia mkuu wa wilaya. Nikakwama. Ndipo kikanitoka Kiha, kile nilichoongea na baba yangu jikoni: “Baba, nilikukasirikia. Nimerudi.” Akina mama walipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia! Nilipanda mbegu zangu nikiimba.

Usitafute maneno mazuri, mama. Anza na hasira yako.

Bibi yako